Kiingereza form foo: tuisheni ya Chake, kambi ya skuli au akae nyumbani na wenzake?

BintiKonde
Assalaam alaykum jamaa zangu. Nna mdogo wangu wa kiume yuko form foo, mtihani wa taifa ndo huo mwezi wa 11, masomo mengine hajambo ila Kiingereza kwenye moku, ule mtihani wa majaribio, kapata 38 yaani D, na C inaanzia 45. Njia ziko tatu. Tuisheni mjini Chake Chake Jumamosi na Jumapili, ila sie tuko Konde, huku kaskazini ya Pemba, nauli kwenda na kurudi na siku yote inaishia njiani. Kambi ya skuli, wanalala dahalia mpaka mtihani, mchango wake si mdogo. Au abaki hapa asome na wenzake watatu kwa past pepa. Na karafuu zimeiva, baba anamtaka mikarafuuni. Mnanshauri vipi?

mzee_wa_wete
Waalaykum salaam. Kambi mwanangu, wala usisite. Mtoto akiwa nyumbani mara katumwa dukani mara kaitwa kuanua karafuu mvua inakuja, umeme ukikatika ndo kalala. Wa kwangu alikwenda, wakishasali alfajiri wako na daftari, akarudi na B.

salha_mjini
Kambi na kambi baba. Mie niliwekwa kambi mwezi mzima na tulichofanya ni kunakili noti za vitabu ubaoni, dhamira, wahusika, tukakariri, kitabu chenyewe sikukifungua hata siku moja. Kwenye pepa wakataka hoja zenye ushahidi kutoka vitabu viwili, nikaandika hoja tupu zisizo na tukio hata moja, nikapata D. Nilikuja kuisoma baadae ile tamthilia ya Oyono-Mbia, Three Suitors: One Husband, kumbe nyepesi na ni mambo ya kwetu kabisa: Ndi katoa mahari laki moja, Mbia kaja na laki mbili, wazee wamepokea zote na Juliette mwenyewe hajaulizwa, anamtaka Oko. Ukikijua kisa hicho kwa macho yako hoja zinakuja zenyewe. Dada, kwanza muulize mdogo wako kasoma vitabu au kasoma noti.

ticha_wa_pemba
Salha kasema kweli. Mie nafundisha Kiingereza na nnayoyaona kila mwaka ni yale yale. Sarufi kwanza: mtoto anafikiri kwa Kiswahili, sie tunasema ingawa alikuwa mgonjwa lakini alikwenda, basi na yeye anaandika Although he was sick but he went, maksi imekwenda, although na but hazikai pamoja. No sooner anaifungia kwa when badala ya than. Kauli ya taarifa anageuza will ikawa would halafu tomorrow anaiacha pale pale. Haya hayaondoki kwa kusikiliza, yanaondoka mtoto akiandika sentensi yake, mtu akamtia wino mwekundu, akaiandika tena. Tuisheni za watu wengi chumba kimoja nani atasahihisha madaftari yote hayo? Kwa hiyo dada usiulize kambi au tuisheni, uliza wapi daftari lake litasomwa. Past pepa za NECTA, baraza la mitihani la taifa, ziko kwenye tovuti yao bure, afanye moja kila wiki, masaa matatu kamili kwa saa, bila simu.

mchumaji_karafuu
Mie nilibaki nyumbani Micheweni na msimu ulikuwa mkubwa, asubuhi juu ya mti, usiku tumezunguka jamvi tunachambua. Tulikuwa wanne, mmoja hachambui, kashika taa na pepa anasoma swali, sie vidole vinatoa makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mdomo unajibu, anaejibu vibaya ndo anachukua taa. Maneno ya wakati uliopita nimeyashika pale, mpaka leo nikisikia harufu ya karafuu mbichi naikumbuka go, went, gone. Lakini insha tulikuwa tunampelekea mwalimu wetu wa zamani kila Ijumaa baada ya sala, bila yeye tungekuwa tunakosea sote kwa pamoja. Nilipata C ya 60 na kitu kwa hesabu yangu.

mzee_wa_wete
Hapo nimewafahamu. Basi nasogea kidogo, kambi kama kuna mwalimu anasahihisha, kama hakuna huyo wa jamvini kanishinda. Ila baba yake aambiwe wazi, mtoto mchana awe na masaa yake, usiku peke yake hautoshi.

BintiKonde
Nimemuuliza. Vitabu viwili kasoma noti tu, ile tamthilia ya Ngugi, The Black Hermit, hata jalada halijui. Tuisheni ya Chake nimeitoa. Nimemuuliza mwalimu wa kambi nani anasahihisha insha, kanambia wako walimu wawili na wanafunzi themanini. Nimeongea na baba, kakubali karafuu ziishie adhuhuri. Kwa hiyo anabaki na wenzake, nauli niliyokuwa nimeiweka nanunua vitabu. Ticha, tafadhali, kila Alkhamis nikikupigia picha insha zao nne utapata nafasi ya kuzipitia?

ticha_wa_pemba
Zilete. Waandike kwa wino, waache mstari mmoja baina ya mistari nipate pa kuandika.