Mjadala: Fundi wa futiboli ya ukumbini ni Kurt Warner kweli?

Wakuu, kila ikitajwa futiboli ya Kimarekani ya ukumbini, jina la kwanza ni mrushaji Kurt Warner. Hadithi yake tamu, sikatai. Green Bay, timu ya NFL (ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani), walimtema 1994, akaenda kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la Hy-Vee kule Iowa, zamu ya usiku, dola 5.50 kwa saa. 1995 akaibukia Iowa Barnstormers, timu ya ukumbini. 1999 Trent Green, mrushaji wa St. Louis Rams ya NFL, akaumia goti kabla ya msimu kuanza, Warner akaingia, akarusha tachidauni 41 (kufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani) na kubeba Super Bowl, fainali ya NFL. 2017 akaingizwa Jumba la Umashuhuri kule Canton, Ohio.

Sasa nitajieni alichobeba ukumbini. Barnstormers walifika fainali 1996 na 1997, zote wakalala. Ligi ya Arena yenyewe, ndiyo hiyo ya ukumbini, ilipowapanga wachezaji wake 20 bora mwaka 2006, Warner, ambaye tayari alikuwa na pete ya Super Bowl, alipewa nafasi ya 12. Wa kwanza alikuwa Eddie Brown, mdakaji wa Albany Firebirds, tachidauni 303 za kudaka. (Si yule wa Cincinnati Bengals, msichanganye. Huyu ni baba yake Antonio Brown, mdakaji wa NFL.)

Kwa wasioujua: uwanja unatandikwa mahali pa magongo ya barafuni, yadi 50 tu, watu 8 kila upande. Pembeni hakuna chokaa, kuna ukuta uliovishwa magodoro. Kando ya magoli zimening'inizwa nyavu, mpira ukigonga wavu unarudi na mchezo unaendelea, kwa hiyo mdakaji anaruka huku mgongo wake uko ukutani. Akikosea hatua anapinduka upande wa pili, soda ya shabiki juu yake. Brown aliyetawala humo miaka kumi anakosaje nafasi Canton? Jumba lile linaitwa la futiboli ya kulipwa, halikuandikwa NFL mlangoni. Karibuni.

Mchangiaji 2:
Mkuu, hizo 303 zina hewa. Yadi 50, kupiga mpira mrefu kumrudishia mpinzani ni marufuku, na mdakaji mmoja anaruhusiwa kuja mbio kuelekea mstari wa kuanzia kabla mpira haujaanzishwa. Beki yeye kasimama, mwenzake kafika na kasi. Mechi kuisha kila timu ina pointi 50 ni jambo la kawaida. Hata mimi ningedaka tatu. Canton wamwache Warner peke yake, aliyatoa ya ukumbini akayathibitisha kwenye uwanja mkubwa.

Mwanzisha mada:
Ndugu, na wenzake Brown je? Walicheza yadi 50 hizo hizo, na mrushaji wao yule yule. Mbona hawakufikisha 303? Hata kwenye soka, Falcão wa Brazil, gwiji wa futsal (soka la ukumbini), alijaribu uwanja mkubwa na klabu ya São Paulo 2005, akarudi futsal. Kuna anayethubutu kusema hakuwa fundi?

Mchangiaji 3:
Wote mmemruka mwenyewe. Kabla ya 2007 sheria ya ukumbini ilikuwa ya watu wa chuma: ukishambulia, mpira ukipotea unabaki humo humo kulinda. Waliosamehewa ni wachache, mrushaji, mpiga mateke na mtaalamu wa mashambulizi. Brown wako alikuwa huyo mtaalamu. Wenzake wanahema kwenye ulinzi, yeye yuko benchi anakunywa maji! Barry Wagner wa Orlando Predators alidaka, akaiba mipira ya wapinzani, akarudisha mateke, na tuzo ya mtu wa chuma aliichukua mara sita mfululizo, 1992 hadi 1997. Mchezo ule ulibuniwa kwa ajili ya watu wa aina yake.

Mwanzisha mada:
Hapo kwa Wagner umenibana, sina jibu la haraka. Benchi na maji nimecheka, ila ni kweli. Basi nabadilisha dai: wa kwanza kugonga mlango wa Canton awe Wagner, Brown amfuate. Mchangiaji 2, njoo uniambie na hao waliokuwa wakikaba pia wana hewa?