Eti kula nyama ya mtu ni ruksa Ujerumani akiridhia mwenyewe? Acheni kutupotosha

Wakuu,

Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa juzi, kwa sababu ule ndio ulionipandisha hasira.

Jamaa kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba Ujerumani unaruhusiwa kumla mtu alimradi mwenyewe karidhia. Watu wakamiminika kumsifu: mwili wake, uamuzi wake, wenzetu wamestaarabika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kesi yenyewe iliishaje! Mnaangalia kipande cha video chenye muziki wa kutisha, dakika tatu tu, mnatoka hapo mawakili.

Kesi mnayoizungumzia ni ya Armin Meiwes, fundi wa kompyuta wa Rotenburg. Alitangaza mtandaoni kwamba anatafuta mwanaume wa kuchinjwa na kuliwa. Akajitokeza mhandisi wa miaka 43 kutoka Berlin, akapanda treni kwa hiari yake, Machi 2001. Kilichofuata kilirekodiwa kwa video na sitakieleza, wengine wanasoma hapa wakiwa mezani. Itoshe kusema nyama iliwekwa kwenye friza na ikaliwa kwa miezi.

Ni kweli sheria ya jinai ya Ujerumani haina kosa linaloitwa kula mtu. Nyie mmeishia hapo hapo. Haya, na kifungu cha kumtwanga mtu kwa mchi mpaka afe mmekiona wapi? Hakipo pia, ila kuua ni kuua tu. Mtu kauawa, kwa hiyo linalotangulia ni kosa la kuua. Tena wana kifungu cha 216 kinachohusu kumuua mtu aliyekuomba kwa dhati umuue. Adhabu yake ni kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5. Mmeelewa lakini? Hata marehemu angekupigia magoti, jela unakwenda.

Utetezi ulikimbilia kifungu hicho, ukagonga mwamba. Ila mahakama ya Kassel, Januari 2004, ikamhukumu kwa kuua bila kuliita tendo lile mauaji ya kukusudia ya daraja la juu, ikampa miaka 8 na nusu. Miaka 8 na nusu kwa binadamu aliyegeuzwa kitoweo! Mimi hukumu ile siimezi mpaka leo, na ndiyo mnayoinukuu kila siku kana kwamba mambo yaliishia pale.

Hayakuishia. Waendesha mashtaka walikata rufaa, Mahakama Kuu ya Shirikisho kule Karlsruhe ikaitengua hukumu Aprili 2005. Kesi ikasikilizwa upya Frankfurt, na Mei 2006 Meiwes akafungwa maisha kwa mauaji ya daraja lile la juu. Someni hoja za Karlsruhe kabla ya kuja kubishana. Kifungu cha 216 kinamhusu aliyesukumwa na ombi la marehemu. Huyu alisukumwa na tamaa yake mwenyewe, iliyokuwepo kabla hajamfahamu huyo mhandisi. Tangazo alilitoa nani? Halafu kuna kosa la kuvunjia heshima maiti, na hapo mahakama ikasema ridhaa ya marehemu haimwokoi mtu, kwa sababu heshima ya maiti si mali ya marehemu peke yake. Watu wengine nao wana haki humo. Hili mzee yeyote wa kijijini kwetu angekwambia bila kufungua kitabu.

Na kilichomkamatisha ni nini? Alirudi mtandaoni kutafuta mwingine. Mwanafunzi mmoja wa Austria akayaona matangazo, akatoa taarifa, Meiwes akadakwa Desemba 2002. Mwalimu Nyerere aliposema dhambi ya ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu, ukishaionja huachi, alikuwa anazungumzia siasa, lakini huyu bwana kaithibitisha neno kwa neno.

Kuna aliyeleta hoja ya njaa, kwamba mwenye njaa ya kufa anaruhusiwa kumla mwenzake. Ndugu yangu, hiyo ni mada nyingine. Wale wa ndege ya Uruguay iliyoanguka milima ya Andes mwaka 1972 walikula wenzao waliokwisha kufa, hawakumuua mtu, na hakuna aliyeshtakiwa. Lakini mabaharia wa mashua iitwayo Mignonette, Waingereza, mwaka 1884 walimuua kijana wa miaka 17 ili wamle. Wakahukumiwa kunyongwa, ingawa baadaye adhabu ikapunguzwa ikawa miezi 6. Majaji walisema njaa haihalalishi kuua. Kesi hiyo wanafunzi wa sheria wa kwetu wanaisoma mpaka leo, waulizeni.

Mnaotaka kifungu chenye jina lenyewe, nendeni jimbo la Idaho, Marekani. Wao wamekiandika: kula nyama au damu ya binadamu kwa makusudi, hadi miaka 14 jela. Utetezi uliotajwa ni mmoja tu, kwamba ulikuwa unakufa na hukuwa na njia nyingine ya kupona. Ridhaa ya anayeliwa haimo.

Sasa mleta mada wa juzi aje hapa na kifungu, namba yake na nchi yake, kinachoruhusu alichokiandika. Kama hana, aombe mods waufute ule uzi.