Wenzangu wananichorea mhusika wangu kama zawadi. Niwaachie uhuru kiasi gani?

Wino_wa_Uyole

Wakuu, wenye kustahili shikamooni, wengine habari za jioni.

Mimi ni mchora katuni, niko hapa Uyole, Mbeya. Nina mhusika anaitwa Konda Ambe, huenda mmeshamwona maana anasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko jina langu. Ni konda wa haisi ya Kabwe–Uyole. Ana pengo la jino la juu, sweta la kijani alilofumiwa na mama yake, na mkono wa kushoto mrefu kuliko wa kulia kwa kuning'inia mlangoni. Fremu nne kila Jumamosi, nachora kwa wino kwenye karatasi, naskani steshenari.

Mwezi ujao Ambe anatimiza miaka mitano, na wachoraji wenzangu wakasema kila mmoja atachora Ambe wake, tuzitoe mfululizo. Nilifurahi. Sasa zimeanza kuingia na usingizi umepungua.

Wa Njombe kamchora kwa kompyuta, safi mno, vivuli kama picha ya harusi, ila kamjazia meno yote. Wa Makambako kachora upepo tu: kofia, noti za nauli na kuku wa abiria vyote viko angani, Ambe mwenyewe inaonekana ndala moja kwenye kona. Hiyo nimeipenda kuliko zote, nimeiangalia mpaka mke wangu kaniuliza kama niko sawa.

Halafu wa Iringa, rafiki yangu wa miaka mingi. Kamkalisha Ambe kilabuni Kihesa na kikombe cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, macho mekundu, anaimba. Mchoro ni mzuri, siwezi kudanganya. Lile povu kalichora kwa nukta nukta mpaka unasikia harufu. Lakini Ambe hanywi! Anaimba kwaya, na wasomaji wangu wengi ni akina mama wa Soko Matola wanaowaonyesha watoto wao.

Nimrudishie abadilishe? Mtu kakupa zawadi, unaanzaje kumsahihisha? Na hizi picha haki yake ni ya nani, yangu au yao? Siku moja nikitaka kuzikusanya kitabu kisije kikazuka kitu.

Babu_Kibonzo

Kijana, marahaba.

Sisi tulikua na katuni ya Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, kisha likaja gazeti la katuni la Sani na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Kwenye Sani mikono ya kuchora ilibadilika, na sisi wasomaji tulijua kabisa kwamba leo pua imechorwa na mtu mwingine. Hatukujali. Ila siku Ndumilakuwili angeacha undumilakuwili tungerudisha gazeti kwa muuzaji.

Kwa hiyo meno ya Njombe achana nayo, hata kama yanakukera. Ulanzi ndiyo kesi. Huo umegusa tabia.

Tukuyu_Mvua

Naomba nipingane kidogo na Babu, kwa heshima. Pengo nalo ni tabia. Konda mwenye pengo akipiga debe "Uyole, Uyole" unaisikia sauti kwenye karatasi. Ukimjazia meno umemfanya karani wa benki.

Kabla hujawaalika watu, wape karatasi moja: Ambe wa mbele, wa ubavuni, wa mgongoni, na chini uandike mambo mawili matatu ambayo hayaguswi. Mengine waachie. Ukiwapangia kila mstari watakuletea Ambe wako mwenyewe aliyechorwa vibaya, sasa faida yake nini?

Snoopy_wa_Mafinga

Mkuu, nadhani unachanganya vitu viwili. Kuna mgeni kuja kuchora kwenye fremu zako, na kuna mhusika wako kwenda kutembea kwenye katuni ya mwenzako.

Charles Schulz wa Marekani, baba yake Charlie Brown na Snoopy, alifariki Februari 12, 2000, na katuni yake ya mwisho ya Jumapili ikatoka kesho yake. Alishasema hataki mtu mwingine aiendeleze. Basi tarehe 27 Mei mwaka huohuo wachora katuni wengi wa magazetini walimuenzi kwa pamoja, lakini kila mmoja ndani ya katuni yake mwenyewe. Wahusika wao ndio waliomkumbuka. Nyumba ya Schulz hakuna aliyeingia na viatu.

Kuna njia nyingine tena. Mwaka 2014 Bill Watterson, aliyeacha kuchora Calvin and Hobbes tangu 1995, alichora kimyakimya ndani ya katuni ya Stephan Pastis, Pearls Before Swine. Badala ya kutangaza mgeni, kwenye hadithi akatokea mtoto wa kike anayejidai anajua kuchora kuliko Pastis, na fremu za mtoto ndizo alizochora Watterson. Michoro halisi ikauzwa kuchangia utafiti wa ugonjwa wa Parkinson. Mgeni akipewa sababu ya kuwemo, hata mkono wake ukiwa tofauti msomaji anacheka badala ya kushangaa.

Wewe una konda, sababu unayo bure. Mpandishe basi la Iringa awe abiria. Konda anayedaiwa nauli na konda mwenzake, hapo hata mimi nisiyejua kuchora naiona fremu ya kwanza.

Hakimiliki_Bila_Presha

La haki, kwa kifupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na kazi ya sanaa inalindwa maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mchoro alioufanya mwenzako ni jasho lake, Ambe ni wako. Kitabu hakitoki bila ninyi wawili kukubaliana. Andikeni ukurasa mmoja sasa hivi mkiwa mnapendana: jina la kila mtu likae wapi, mauzo mgawane vipi, nani anaruhusiwa kuchapa kwenye fulana. Fulana ndiyo huleta ugomvi, si kitabu.

Kalamu_ya_Kihesa

Jamani, mimi ndiye wa ulanzi 😂

Kwanza mnisikilize. Kile kikombe ni mtogwa, ulanzi mbichi, mtamu kama juisi. Haulevyi. Angekuwa anakunywa mkangafu, ule uliochacha ukawa mkali, ningemchora chini ya benchi.

Wino_wa_Uyole

Kaka, na macho mekundu je?

Kalamu_ya_Kihesa

Vumbi la barabarani. Konda wewe!

Basi nimeelewa, ungenipigia simu tu. Nafanya hivi: ile ya kilabuni naihamishia kwenye katuni yangu. Ambe anashuka basi ana kiu, mama muuza ulanzi wangu anamkaribisha, Ambe anauliza mara tatu kama ni mbichi, halafu anawaimbia walevi wimbo wa kwaya mpaka kilabu kinafungwa mapema. Mama muuza anamdai hasara. Kwako nachora nyingine, ile ya nauli aliyosema mtu wa Mafinga, kama haoni vibaya.

Snoopy_wa_Mafinga

Chukua, ila niandikwe jina kwa chini.

Wino_wa_Uyole

Hapo sawa kabisa. Wa Njombe nitampigia kesho kuhusu lile jino, ni kufuta tu. Wa Makambako asiguse chochote.

Na wewe wa Kihesa usinitumie kwa WhatsApp, picha inabanwa na nukta zako zinageuka ukungu. Weka karatasi halisi katikati ya makadibodi mawili, mpe konda wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi na kuiskani mwenyewe.

Kalamu_ya_Kihesa

Poa. Hela ya kifurushi unalipa wewe hukohuko.