Naomba ushauri: kufuatilia kontena kwa treni na lori, Mombasa hadi Kampala

Habari zenu ndugu zangu. Nina ofisi ndogo ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na wateja wangu wengi wako Kampala. Natamani mizigo yao ipande treni, lakini wanang'ang'ania malori, na sababu si bei peke yake. Kontena likiwa kwenye lori, mteja anampigia dereva na kuambiwa, "Niko Mtito Andei." Treni haina wa kupigiwa.

Reli mpya ya kisasa, SGR, ina upana wa milimita 1,435 na inaishia upande wa Naivasha. Kutoka hapo mzigo unahamishiwa reli ya zamani ya milimita 1,000, au lori, hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Kwenye kuhamisha ndipo habari hupotea. Juzi kontena la mteja wangu lilikaa siku nne bila mtu kuniambia liko wapi. Amerudi kwenye malori, na imeniuma sana.

Kuna lakiri za kielektroniki za forodha, yaani vifaa vinavyofungwa kwenye kontena na kuonyesha lilipo, lakini zimewekwa kulinda kodi. Hazimwambii mfanyabiashara aandae lori saa ngapi.

Aliyewahi kufunga kifaa chake cha GPS kwenye kontena, betri ilidumu safari nzima? Mlikirudishaje kutoka Kampala? Na je, ipo programu ya bei nafuu inayounganisha taarifa za meli, treni na lori mahali pamoja, mteja azione mwenyewe kwenye simu?