Naomba ushauri: nataka kuacha kupika chapati, ngano inadhuru kweli?

Mama Wawili: Habari za asubuhi wanajukwaa. Niko Mbagala, napika chapati na maandazi mwaka wa sita sasa. Nasikia watu wanasema gluteni ya kwenye ngano inaharibu tumbo. Ni kweli, au ni mambo ya wenye nazo? Nafikiria kuachana na ngano nigeukie vitumbua. Wenye uzoefu, vinalipa? Naomba majibu ya maana, usiku wa tatu huu silali.

Kijana wa Tandika: Vinalipa sana mama. Shangazi yangu kasomesha watoto wawili kwa chuma kimoja cha vitumbua. Siri ni kuloweka mchele usiku na kutobania nazi. Alianza na kilo mbili tu, kituoni, saa kumi na moja alfajiri...

Mzee wa Dona: Magonjwa ya kwenye simu haya. Kuleni dona na mchicha, mlale mapema, mtapona.

Kiti Kirefu: Nimesikia shayiri nayo ina gluteni. Yaani mnataka kutugusia na bia?

Fundi Maabara: Bia ya shayiri imo, mkuu. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, ndiyo inayofanya donge la chapati livutike. Osha donge hilo kwenye maji, wanga utaondoka, kitabaki kitu kama bigijii iliyotafunwa. Watu wengi haiwadhuru kabisa. Mahindi, mchele, mtama, ulezi na muhogo havina. Ila dada, hakuna anayekosa usingizi siku tatu kwa sababu ya vitumbua. Nani anaumwa?

Mama Wawili: Ni mwanangu mdogo, ana miaka minne. Anaharisha, anapoa, anarudia. Tumbo limejaa, mikono imebaki vijiti. Dawa za minyoo kapewa mara tatu, taifodi katibiwa mara mbili. Damu iko chini, anameza dawa ya kuongeza damu lakini haipandi. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake ulikuwa unapanda vizuri, ukalala kama kamba ya kuanikia nguo. Chumba tunacholala ndicho ninachokandia. Asubuhi nikifunua neti naona vumbi la unga kwenye nyusi zake.

Binti Pangani: Pole mwaya. Wangu alisumbuliwa hivyo hivyo, kumbe ni maziwa. Mama mkwe alikuwa anamnywesha kwa siri nikienda kazini. Tuligombana mpaka wazee wakaitwa.

Haki Sawa: Wakuu, hii chai. Alianza na vitumbua, sasa mtoto anaumwa, kesho atatuletea unga usio na gluteni na namba ya simu. Nyuzi za hivi tumeshaziona.

Kiti Kirefu: Hata mimi nimeanza kuhisi hivyo. Weka picha ya kadi.

Mama Wawili: Sina unga ninaouza, na picha ya kadi ya mwanangu siweki humu. Kuna jambo nililificha kwa aibu ya ukweni. Wifi yangu anaishi Uholanzi, alipimwa huko akakutwa na siliaki, huu ugonjwa wa gluteni. Yeye ndiye aliyenishtua. Mume wangu hataki lisemwe, anaogopa ukoo wao utanyooshewa vidole. Na ngano nimeshamwachisha mtoto, leo wiki ya tano. Anakula ugali, wali na uji wa ulezi, na kuharisha kumekatika. Daktari kaandika kipimo, miadi ni Jumatano, wala hajui kama nimemwachisha. Sasa kipimo cha nini wakati mtoto anapona? Mama gani angeendelea kumlisha kinachomuumiza?

Fundi Maabara: Sikulaumu hata kidogo. Ila hilo la wifi ungelisema la kwanza, maana siliaki hufuata damu. Kwa mwenye nayo, kinga ya mwili ikikutana na gluteni inashambulia utumbo wake mwenyewe. Vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinalala, madini ya chuma yanapita bure, ndiyo maana damu inaweza kugoma kupanda. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili za vita hiyo. Ukiacha ngano zinashuka, na majibu yanaweza kusoma hana kumbe anayo. Usimrudishie chapati kwa uamuzi wako. Nenda kabla ya Jumatano, umwambie daktari tarehe uliyoacha na habari ya shangazi yake, yeye apange.

Haki Sawa: Amepona bila kipimo, basi aendelee hivyo hivyo.

Fundi Maabara: Siliaki ni ya maisha yote, mkuu. Bila jibu la uhakika, siku ya keki ya shuleni nani atamkatalia? Na kama ni ugonjwa mwingine, utakuwa unaendelea kimya kimya.

Mdachi wa Tanga: Huku Uholanzi ndiko ilikogundulika kwamba shida ni ngano. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate uliadimika kwa sababu ya vita, watu wakala hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Daktari wa watoto Willem Dicke aliona watoto wenye siliaki wananawiri katikati ya njaa, na mkate uliporudi wakaugua tena. Aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo mwaka 1950.

Binti Pangani: Dada, huo ulezi unasagisha wapi? Mashine ikitoka kusaga ngano, unga wake unabaki humo.

Mama Wawili: Mashine ya hapa mtaani. Ngano wanasaga pale pale. Sikuwaza hilo. Basi Jumatatu asubuhi naenda kwa daktari, mume nitamwambia nikirudi. Kuacha chapati leo siwezi, kodi ya nyumba ni mwisho wa mwezi.

Kijana wa Tandika: Kandia nje barazani mama, mtoto akiwa hayupo, na kanga ya kazini usiingie nayo kitandani. Chuma cha vitumbua shangazi anacho cha ziada, nitamuuliza leo jioni.