MREJESHO: Auch- au Ach-? Jibu limepatikana

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini shamba lililo jirani na kwetu huku Scotland lina jina linaloanza na Auch- kwenye kibao lakini Ach- kwenye karatasi za zamani za mama mkwe.

Aliyenielekeza kwenye vitabu vya majina vya Ordnance Survey (shirika la kupima na kuchora ramani la Uingereza), ahsante sana. Wapimaji wa karne ya 19 walizunguka nchi nzima wakiandika kila jina: mlima, kijito, hata kibanda kilichobomoka. Ukurasa una safu: jina lenyewe, namna zote lilivyoandikwa, nani kathibitisha, mahali lilipo na maelezo mafupi. Siku hizi vinasomwa mtandaoni. Nilikesha siku mbili, chai ikapoa!

Shamba letu lina tahajia tatu. Chanzo ni neno la Kigaeli (lugha ya asili ya nyanda za juu za Scotland) achadh, yaani shamba au konde, ambalo waandishi wa Kiskoti na Kiingereza waliliandika walivyolisikia. Kwa hiyo Auch- na Ach- ni kitu kimoja.

Kilichoniudhi ni hiki: wapimaji walielekezwa kuwaamini zaidi wenye ardhi, wachungaji wa kanisa na watu waliosoma. Mkulima mdogo hakutegemewa, hasa kwa tahajia, hata kwa jina la pale pale anapolala. Na mara nyingi Kigaeli chenyewe alikuwa nacho yeye!

Sasa nimehamia kwenye jina jingine, la mji wa Kingussie huku huku Scotland: maana yake “kichwa cha msitu wa misonobari”. Mama mkwe kasema hiyo aliijua siku zote, sikumuuliza tu.