Kusasisha simu bila Wi-Fi: bando la laini, hotspoti au kompyuta?

KisimaTZ
Wakuu, salaam. Nataka kuapdeti simu mbili hapa nyumbani na Wi-Fi hatuna. Nina njia tatu kichwani: nijaze bando kubwa nishushe moja kwa moja kwa laini, niwashe hotspoti kutoka simu nyingine, au nipeleke kwa fundi azifanyie kwa kompyuta. Bei ya fundi inakaribiana na ya bando. Ipi ina nafuu, na ipi haitaniulia simu? Nataka nimalize kabla ya wikiendi.

FundiMezani
Mkuu, simu gani? Bila modeli utapewa majibu ya kubahatisha. Tupe modeli kamili kutoka Mipangilio, Kuhusu simu (siyo jina la dukani), toleo la mfumo lililopo sasa, na nafasi iliyobaki. Halafu "Wi-Fi hatuna" ina maana hakuna intaneti ya Wi-Fi, au swichi ya Wi-Fi kwenye simu imepauka na haiwaki? Ya kwanza unaimaliza kwa bando. Ya pili mara nyingi ni ugonjwa wa bodi, na apdeti siyo dawa yake.

Nyuki_wa_Data
Wakati modeli inasubiriwa: chukua bando la usiku. Apdeti ya usalama ya kila mwezi huwa kati ya MB 200 na 500, toleo jipya la Android ni GB 2 hadi 4. Simu inakuonyesha ukubwa kabla hujabonyeza kushusha, kwa hiyo soma kwanza, ndipo ununue bando. Na kabla ya kuwasha data, zima apdeti za kujiendesha za Play Store na hifadhi ya WhatsApp na picha. Bando nyingi huishia huko, watu wakadhani ni mfumo umekula.

Likikatika katikati usiogope. Apdeti rasmi inashuka vipandevipande na inaendelea ilipoishia, na hakuna kinachoguswa kwenye mfumo mpaka faili lote likamilike na likaguliwe saini.

Zakia_T
Mimi niko upande wa hotspoti, ila kuna jambo linawagomea wengi. Simu ya Android inapotoa hotspoti, hutuma alama kupitia DHCP (njia ya kugawa anwani za mtandao) kwamba intaneti hii ni ya kupimwa, yaani ya bando. Simu inayopokea inaisoma alama hiyo, inajua nyuma ya hii Wi-Fi kuna laini, kisha inakaa "inasubiri Wi-Fi" hata kama imeunganishwa kabisa.

Dawa yake: kwenye simu inayopokea fungua orodha ya Wi-Fi, gusa gia ya ule mtandao, ingia sehemu ya matumizi ya mtandao, badilisha kutoka "tambua yenyewe" kwenda "usiopimwa". Kwa iPhone, gusa herufi i pembeni ya jina la mtandao, uzime hali ya data kidogo. Baada ya hapo kitufe cha kushusha kinafunguka.

Mlandizi88
Hayo yote ni kuzunguka. Kompyuta ndiyo njia safi. Unashusha faili mara moja sehemu yenye intaneti, unakuja nalo kwenye flashi, unasasisha simu hata kumi bila kuongeza senti. Kwenye Pixel (simu za Google), Google wanaweka faili kamili za OTA, yaani apdeti za hewani, hadharani. Unaingia rikavari (menyu ya ukarabati ya simu), unachagua kupokea kwa ADB (chombo cha amri cha kompyuta), unaandika adb sideload na jina la faili. Butiloda, programu inayowasha mfumo, inabaki imefungwa, data haiguswi. Kompyuta ikiishia asilimia 47 na kuandika "Total xfer: 1.00x", hiyo imefaulu. Usichomoe waya kwa hofu, angalia kioo cha simu.

FundiMezani
Mlandizi88, hujasema kwamba faili la kompyuta karibu kila mara ni mfumo mzima. Linaloshuka kwenye simu ni tofauti tu kati ya toleo ulilo nalo na linalofuata. Apdeti ya MB 400 kwenye simu inaweza kuwa GB 5 na zaidi kwenye kompyuta. Kama hiyo kompyuta nayo inategemea bando lile lile, amepata hasara.

Kuna hali moja tu hesabu inageuka: simu iliyoachwa nyuma muda mrefu. Apdeti za hewani mara nyingi hupanda ngazi moja moja, kila ngazi na GB zake. Hapo faili kamili linaruka hadi mwisho kwa mkupuo mmoja.

KisimaTZ
Samahani kwa kuchelewa. Ya kwanza ni Samsung A14, iko Android 13. Ya pili ni iPhone 11 ya mke wangu, imebaki na GB 6. Wi-Fi za simu zote zinawaka vizuri, ni intaneti tu hakuna. Laptopu ya Windows 10 ninayo, nilisahau kuitaja.

FundiMezani
Kuitaja laptopu kunabadilisha mambo. Lakini A14 ipi? SM-A145F na SM-A145P ni bodi tofauti, na faili la moja halifai nyingine. Piga pia *#06# uandike IMEI (namba za utambulisho wa simu) zote mbili kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

Zakia_T
iPhone 11 nimjibu mimi. Kushusha mfumo kwa laini ni kwa iPhone 12 na kuendelea, tena ikiwa kwenye 5G na umewasha ruhusa ya data zaidi kwenye 5G. Iliyo na 4G peke yake itataka Wi-Fi. Kwa hiyo hotspoti ya A14 inaihudumia vizuri, kwa iPhone hiyo ni Wi-Fi kama Wi-Fi nyingine.

Tatizo ni GB 6. Toleo jipya zima linaweza kumaliza nafasi hiyo, maana linataka nafasi ya faili na nafasi ya kulifungulia. Hapo laptopu inasaidia: faili linakaa kwenye laptopu. Weka iTunes au programu ya Apple Devices kutoka Microsoft Store, chomeka waya, kubali "Trust" kwenye simu, bonyeza kutafuta apdeti. Chagua "Update". "Restore" inafuta kila kitu. Kama faili la IPSW (mfumo mzima wa iPhone) unalo tayari, shika Shift huku ukibonyeza kitufe cha kutafuta apdeti, uchague faili lenyewe. Andaa GB 7 hadi 9 hivi, na liwe toleo ambalo Apple bado wanalisaini, la zamani litakataliwa.

Na laptopu isipate intaneti kutoka kwa iPhone ile ile inayosasishwa. Ikijizima kuwaka upya, hotspoti yake inakufa, na iTunes inahitaji kuwasiliana na Apple katikati ya kazi. Tumia hotspoti ya A14, na usiizime mpaka iPhone iwake kabisa.

Pwani_Mtandaoni
Kutoka Mombasa. Ndugu yangu, kwa A14 usihangaike. Mipangilio, Sasisho la programu, "Download and install", ukiwa kwenye laini. Lile swichi la kushusha kwa Wi-Fi peke yake linahusu kushusha kwa kujiendesha, wewe unabonyeza kwa mkono. Zinazogoma mara nyingi ni zile zilizotoka kwa makampuni ya simu ya Marekani, zimefungwa apdeti kubwa zisipite kwa laini. Kwa hizo ndiyo hotspoti ya Zakia_T.

Chaji iwe juu ya asilimia 50, na ukibonyeza kuinstoo usiiguse. A14 haina mfumo wa sehemu mbili (unaoandika toleo jipya pembeni huku simu ikitumika), inajizima yenyewe na kusasisha ikiwa haitumiki, na hilo huchukua dakika 10 hadi 20. Samsung walianza kuweka sehemu mbili na A55 mwaka 2024.

Mlandizi88
Na mimi bado nasema kompyuta, na kwa Samsung ni Odin, programu ya Windows ya kuandika mfumo kwenye simu. Yuko Android 13, ana ngazi kadhaa mbele yake. Faili moja, dakika chache, kwisha.

FundiMezani
Odin ni chombo kizuri kikiwa kwa anayekijua, kwa hiyo tuseme hatua zote ili asiingie kichwa kichwa. Faili la zip unalifungua unapata vipande: BL (butiloda), AP (mfumo), CP (modemu), na viwili vya CSC (mipangilio ya nchi na mtandao). HOME_CSC inaacha data zako. CSC tupu inafuta simu nzima. Watu wengi hupotezea picha hapo hapo.

Angalia herufi ya tano kutoka mwisho wa namba ya fimwea (toleo la mfumo wa simu). Hiyo ndiyo namba ya butiloda. Ya faili ikiwa ndogo kuliko ya simu, simu itaandika "SW REV. CHECK FAIL" na kugoma. Hairudi nyuma, hata ufanye nini.

Zima simu, shika sauti juu na sauti chini pamoja, chomeka waya, kisha bonyeza sauti juu. Draiva za Samsung ziwe zimeshawekwa, vinginevyo kile kisanduku cha COM, kinachoonyesha simu imeunganishwa, hakiwaki rangi. Kwenye Options acha "Auto Reboot" na "F. Reset Time" peke yake. "Re-Partition" na "Nand Erase" usiziguse. Ukiweka AP, Odin inaganda dakika kadhaa, inakagua faili, iache. Waya mzima, tundu la laptopu lenyewe bila kigawanyio, na betri ya laptopu iwe nzima maana umeme ukikatika katikati ya kuandika BL umepata kazi nyingine.

Hajawahi kutumia Odin? Basi Smart Switch ya kompyuta. Inatafuta faili sahihi yenyewe. Bando litaliwa zaidi, ila hakosei modeli.

DadaRehema
Kabla hajafikiria fundi wa mtaani, asome hili. Kuna simu yenye chipu ya MediaTek ilifika mezani ikiwa haisomi laini zote mbili. Mwenye nayo alikuwa ameomba apdeti tu, kwa sababu hakuwa na Wi-Fi. Aliyeishika alitumia SP Flash Tool (programu ya kompyuta ya kuandika mfumo kwenye simu za MediaTek), akapakia faili la scatter (ramani ya hifadhi ya simu), na badala ya "Download Only" akachagua "Format All + Download".

Chaguo hilo linafuta hifadhi yote ya simu kabla ya kuandika upya. Ndani ya hifadhi hiyo kuna NVRAM, na humo zinakaa IMEI, anwani za Wi-Fi na Bluetooth, na vipimo vya redio ambavyo kiwanda kiliipimia bodi hiyo peke yake. Faili la fimwea halina vitu hivyo, kwa hiyo haviwezi kurudi navyo. Simu iliwaka vizuri kabisa, menyu mpya, kila kitu kinang'aa. Ukipiga *#06# inaandika IMEI batili. Wi-Fi inawaka na ujumbe wa kosa la NVRAM kwenye orodha ya mitandao. Mtandao wa simu, hakuna.

Kama nakala ya NVRAM ingechukuliwa kwanza, ingerudishwa na kazi ingeisha. Haikuchukuliwa. Hata ukirudisha IMEI zilizoandikwa kwenye boksi, vipimo vya redio vya awali havipo tena, na simu ilibaki na mtandao dhaifu sehemu ambazo zamani ilishika vizuri. Kwa hiyo ukienda kwa fundi muulize maswali mawili: unachagua nini kwenye SP Flash Tool, na nakala ya NVRAM unaiweka wapi? Akisita, ondoka na simu yako.

Nyuki_wa_Data
Na wengine wanaandika IMEI ya simu nyingine ili "kusaidia". Hiyo ni kosa kisheria. Tangu Juni 2016 TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) walipofungia simu bandia, IMEI isiyoeleweka ni simu kufungiwa. Tuma IMEI kwenda 15090 uhakikishe inasoma jina la simu yako.

Mlandizi88
Lakini hiyo ni Format All. Tusilaumu kompyuta kwa kosa la kitufe.

DadaRehema
Hakuna aliyelaumu kompyuta. Apdeti ya hewani haina kitufe cha kufuta NVRAM hata ukibonyeza vibaya. Tofauti ndiyo hiyo.

Pwani_Mtandaoni
Wenye Xiaomi wanaosoma hapa: gusa nembo ya toleo mara nyingi mfululizo kwenye Kuhusu simu, kisha kwenye vidoti vitatu linatokea chaguo la kuchagua faili la apdeti. Lichukue la rikavari, la zip, siyo la fastboot (la kuandikia kwa kompyuta) la tgz. Na eneo lilingane: Global kwa Global, EEA (Ulaya) kwa EEA. Ukilazimisha simu ya China ipokee la Global huku butiloda imefungwa, simu inaamka na ujumbe kwamba toleo hili haliwezi kuwekwa kwenye kifaa hiki, na hapo ndipo inabaki.

KisimaTZ
Nimewaelewa. A14 ni SM-A145F. Nimeingia, inasema apdeti ya kwanza ni GB 1.9. Je nikimaliza hiyo, "sasisho la mfumo la Google Play" nalo ni lazima?

Zakia_T
Hilo ni jingine kabisa. Lilikuja na Android 10 na linagusa vipande vichache vya mfumo, kama vya vyeti, media na mtandao. Liko chini ya Usalama na faragha. Ni dogo, data ya kawaida inatosha, ila bila kuwasha upya simu halikai.

Mgeni_wa_Kigoma
Niulize hapo hapo. Simu yangu swichi ya Wi-Fi imepauka kweli, na laini hapa ni ya kusuasua. Bluetooth inaweza kubeba apdeti?

FundiMezani
Wi-Fi na Bluetooth kwa kawaida ziko kwenye chipu moja, angalia kwanza kama Bluetooth inawaka. Ikiwaka, inabeba, ila ni Mbps 2 hivi. GB 2 zitachukua zaidi ya saa mbili, na simu zote mbili zikae kwenye chaji.

Nyuki_wa_Data
Kwa swichi iliyopauka chukua adapta ya USB kwenda waya wa intaneti, ya Type-C, chipu ya RTL8153 au AX88179. Chomeka kwenye ruta ya ofisi au kafe, zima data, juu inatokea alama ya Ethernet. Simu nyingi za Android zinaishughulikia kama mtandao usiopimwa.

Mgeni_wa_Kigoma
Yangu ni tundu la micro. Na sijui kama ina OTG (uwezo wa kupokea vifaa vya USB). Modeli nitaiweka nikifika nyumbani.